Titi Si Kibuyu

Mwanangu alikuwa bado hajashika titi pale mama mkwe aliponizuia mkono. "Subiri, mayu. Kamulia chini kwanza." Nilikuwa nimetoka kutembea, mwendo wa haraka wa dakika kama arobaini, kutoka mji wetu hadi njia ya magari na kurudi, na jasho lilikuwa bado linanitiririka shingoni. Mtoto alikuwa na miezi minne na njaa yake ilisikika hadi kwa jirani. Nikakamulia chini. Matone matano, sita, yakamezwa na ardhi ya uani. Ndipo akaniruhusu ninyonyeshe.

Migato ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Ukishika ramani ya zamani utaikuta ndani ya Bariadi, kwa kuwa Itilima ilimegwa huko mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa ulipoanzishwa. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mume wangu kazaliwa huko, na Januari ile tulikuwa tumempeleka mtoto akaonwe na bibi yake.

Hoja ya mama mkwe nilikuwa naijua. Maziwa ya mzazi aliyepigwa na jua au aliyetoka kwenye kazi nzito hupata moto, na mtoto akiyanywa tumbo lake huchafuka. Kwa hiyo ya kwanza humwagwa. Kwa mama yangu mzazi nilikuwa nimeyasikia hayo hayo, na mjini nimeyasikia yakiwa yamevaa nguo nyingine: anayefundisha mazoezi hasemi moto, anasema asidi. Anakuambia ukikimbia sana misuli inatoa asidi, asidi inaingia kwenye maziwa, mtoto anayakataa. Bibi wa kijijini na kijana wa ukumbi wa mazoezi hawajawahi kukutana, lakini wanamwambia mzazi neno moja: jasho lako linamdhuru mwanao.

Neno hilo nililibeba miezi yote minne, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wanawake wengi ninaowajua waliacha kutembea, kukimbia, hata kucheza, tangu siku ya kujifungua hadi siku ya kumwachisha mtoto ziwa, kwa kuogopa kuharibu kitu ambacho hakiharibiki hivyo.

Hofu ya asidi ina asili yake. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la madaktari wa watoto jaribio ambalo akina mama walifanya mazoezi hadi mwisho wa nguvu zao, kisha maziwa yao yakakamuliwa na watoto wakapewa kwa kile kimrija cha kudondoshea dawa. Watoto walionekana kuyapokea vibaya zaidi maziwa yaliyokamuliwa baada ya mazoezi. Habari ikaenea, na bado inaenea. Kilichosahaulika ni kwamba mtoto wa titi akidondoshewa kitu mdomoni kwa chombo cha dawa ana sababu nyingi za kukunja uso. Miaka 10 baadaye, mwaka 2002, jarida lile lile lilichapisha jaribio lililopangwa kwa uangalifu zaidi: mama akiwa amepumzika, akiwa amefanya mazoezi ya kadiri, akiwa amejichosha kabisa. Watoto walikunywa bila kubagua.

Asidi yenyewe ipo, na Wasukuma, wenyeji wa Migato, wanaijua kuliko wengi, hata kama hawaiiti kwa jina hilo. Ni asidi ya laktiki, ile ile inayoyafanya maziwa ya ng'ombe yagande na kuchacha kibuyuni. Kibuyuni hutengenezwa na vijidudu vinavyokula sukari ya maziwa yaliyotulia siku moja au mbili. Katika mwili wa mama hutengenezwa na misuli inayofanya kazi kwa kasi, ikapita kwenye damu, na mwili ukaitumia tena kama kuni. Mama akitembea au akikimbia polepole, kiasi chake kwenye maziwa hakibadiliki. Akijichosha hadi pumzi imwishie, huongezeka kidogo, kisha hushuka ndani ya muda mfupi, na hakuna mtoto aliyeonekana kudhurika nayo. Titi si kibuyu. Maziwa hayakai humo yakingoja kuchacha. Yanatengenezwa usiku na mchana, na joto lake ni lile lile la mwili wa mama, awe amelala kivulini au ameshika jembe.

Je, wingi wake? Hili nalo limepimwa. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waliwachukua wazazi 33 ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi, watoto wao wakiwa na wiki sita hadi nane. Kwa kura, baadhi yao walipangiwa mazoezi ya dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Wengine wakaendelea na maisha yao. Mwisho wa wiki 12 maziwa ya makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa wingi na kwa virutubisho, na watoto walikuwa wameongezeka uzito sawasawa. Mwaka 2000 ukafuata utafiti wa wazazi wenye uzito uliozidi: walipunguza chakula kidogo, wakafanya mazoezi, wakapungua karibu nusu kilo kwa wiki, na watoto wao wakakua kama wenzao.

Ningeweza kumsomea mama mkwe yote haya, na makala yakaishia hapo. Lakini kwa siku nilizokaa Migato niliona kwamba swali nililotoka nalo mjini, je, mzazi anaweza kufanya mazoezi, lilikuwa swali la mtu anayekaa kwenye kiti.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mwanamke aliyejifungua, kama hana tatizo la kiafya, ajishughulishe kwa angalau dakika 150 kwa wiki, kwa kasi inayoongeza pumzi. Mimi niligawanya dakika zangu kwa simu. Sasa mchukue mzazi wa Migato ambaye kisima kiko mwendo wa nusu saa. Kwenda na kurudi ni saa moja, na kwa wiki nzima ni dakika 420, nusu yake akiwa na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20, na mtoto mgongoni. Hapo hajatwanga wala kukata kuni, na hajaingia shambani.

Januari shamba la pamba halimsubiri mtu. Mbegu imeshapandwa tangu Novemba na Desemba, mvua imeotesha pamba na magugu kwa pamoja, na palizi inafanywa kwa jembe la mkono, mgongo umeinama, mstari hadi mstari, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoganda kwenye jembe na kulifanya zito maradufu. Ndiyo miezi ambayo ghala la mwaka jana linakaribia kuisha. Familia nyingi zinategemea michembe na matobolwa, viazi vilivyokaushwa wakati wa neema, pamoja na nsansa, yaani mboga ya majani yaliyokaushwa, na mlenda. Kazi ni nyingi kuliko wakati wowote, chakula ni kichache kuliko wakati wowote, na mtoto hajui ni msimu gani.

Mwili wa mama hufanya nini akiwekwa kwenye mizani hiyo? Kuna kijiji kimoja Gambia, Keneba, ambako wanasayansi wa Uingereza wamefuatilia lishe ya akina mama kwa miongo mingi. Wanawake wa Keneba nao ni wakulima, na msimu wa mvua ndio msimu wao wa njaa na jembe. Ilionekana kwamba maziwa yao yalipungua kiasi tu, huku wenyewe wakikonda. Walipopewa chakula cha ziada wakati wa kunyonyesha, wingi wa maziwa haukubadilika, kwa sababu mwili ulikuwa umeshaamua kumlisha mtoto kwanza.

Jambo hili nililirudia kichwani usiku kucha. Kutengeneza maziwa ya siku moja, ambayo ni kama robo tatu ya lita, kunamgharimu mama nishati nyingi kiasi kwamba wataalamu hushauri aongeze chakula cha kalori karibu 500 kila siku. Asipoongeza, mtoto anakunywa tu. Mwili unachota kwenye mafuta yake, kisha kwenye nyama yake, na hata madini ya mifupa hupungua kwa muda hadi mtoto atakapoacha ziwa. Tunaogopa jasho la mama litamfikia mtoto, kumbe anayeumia ni mama mwenyewe, na hakuna anayempima. Kadi ya kliniki ina mstari wa ukuaji wa mtoto. Uzito wa mzazi wake hauna mstari.

Kinachoyapunguza maziwa kweli ni utengano. Titi hufanya kazi kwa kuagizwa: mtoto akinyonya, ubongo unatoa homoni, maziwa yaliyotoka yanarudishiwa. Titi likikaa limejaa saa sita, saba, kwa sababu mama yuko shamba la mbali na mtoto yuko nyumbani, linapokea ujumbe kwamba halihitajiki, na siku baada ya siku linapunguza. Nyumbani nako mtoto analia, na binti wa miaka tisa aliyeachiwa kazi ya kumlea, ambaye kwa haki yake angekuwa darasani, anampa maji au uji mwepesi kwa sababu ndicho alichonacho. Ndivyo miezi sita ya maziwa ya mama pekee inavyovunjika, bila mtu yeyote kuamua kuivunja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita wananyonya bila kupewa kitu kingine. Ni hatua kubwa kutoka asilimia 59 ya mwaka 2015/16. Theluthi na ushei iliyobaki sidhani kama mama zao hawajaambiwa. Wameambiwa, kisha jembe likawaita.

Mwanamke aliyeajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mkulima wa Migato hana mwajiri wa kumwombea saa mbili. Saa zake mbili ziko mikononi mwa mume, mawifi na mama mkwe, na hakuna kifungu kinachowabana.

Na hapa ndipo nilipoanza kumtazama mama mkwe wangu kwa jicho jingine. Katika mkoa huu huu wa Simiyu, wilaya ya Meatu, nchi inateremka kuelekea Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe. Mwanamke wa Kihadza hutembea karibu kilomita sita kwa siku akichimba mizizi na kuchuma matunda, mtoto akiwa kifuani au mgongoni. Tangu miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakipima nani analeta chakula kiasi gani na watoto wananenepa vipi. Waliona kwamba mwanamke akijifungua, kazi yake ya kuchimba hupungua kwa sababu kichanga kinambana, na kuanzia hapo uzito wa wale watoto wake wakubwa unategemea juhudi ya bibi. Bibi akichimba kwa bidii, wajukuu wananawiri. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalifanya wanasayansi duniani waanze kufikiri kwamba huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu hiyo hasa: ili mzazi awe na mtu wa kumshikia kijiti cha kuchimbia.

Hata wanariadha tunaowashangilia wana mtu wa kushika mtoto. Vivian Cheruiyot wa Kenya alijifungua mwaka 2013 na mwaka 2015 akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 10,000 kule Beijing. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi na fedha ya dunia Doha mwaka uliofuata, kisha dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Mwingereza Jasmin Paris, Januari 2019, alishinda mbio za milimani za zaidi ya kilomita 400 huku akisimama vituoni kukamua maziwa, kwa kuwa alikuwa bado ananyonyesha. Wote hawa ni ushahidi kwamba mwili wa mzazi una nguvu kubwa. Lakini walikimbia baada ya kula na kulala, na hakuna aliyemaliza mbio zake akakuta mtungi mtupu unamngoja.

Kwa hiyo nina maneno mawili kwa wazazi wa namna mbili.

Wewe wa Bariadi mjini au Lagangabilili, mwalimu, karani, fundi cherehani, mwenye duka, unayekaa kutwa, inuka utembee. Kama ulijifungua kawaida na huna maumivu, unaweza kuanza taratibu siku chache tu baada ya kujifungua, dakika kumi kumi, bila kungoja arobaini iishe. Aliyepasuliwa angoje kidonda kifunge, asinyanyue kizito kuliko mwanawe, na aulize anaporudi kliniki wiki ya sita kwa chanjo ya mtoto, kwani siku hiyo mhudumu anapaswa kumwangalia mama pia. Usianze na tumbo. Anza na misuli ya chini, ile inayokaza unapozuia mkojo: ikaze, hesabu hadi tano, iachie, rudia mara kumi, hata ukiwa umekaa kwenye daladala. Mkojo ukikuponyoka unapokimbia au kupiga chafya, misuli hiyo haijawa tayari. Punguza kasi, na usione aibu kumwambia mkunga. Nyonyesha kabla ya kutoka, titi likiwa jepesi halikuumi. Vaa sidiria inayoshika vizuri, na ukirudi futa kifua kwa maji, kwa sababu jasho lina chumvi na huenda mtoto akashangaa ladha yake. Huo ndio ukweli wote uliomo katika habari ya mtoto kukataa titi baada ya mazoezi. Damu ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, au ukisikia kizunguzungu, acha na uende kituo cha afya. Na kama wasiwasi wa maziwa bado unakusumbua, mtazame mtoto: akilowanisha nepi sita au zaidi kwa siku na mstari wa kadi yake unapanda, maziwa yapo.

Wewe wa Migato, sina mazoezi ya kukuongezea. Ningekuwa na uwezo ningekupunguzia. Kunywa maji kila unaponyonyesha, kwa kuwa maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87, na jua la Januari linakunyang'anya mengine. Kula sahani yako kabla hujawapakulia wengine, na karanga za kusaga ziingie kwenye mlenda kila zinapopatikana. Mtoto aende nawe shambani, akae kivulini karibu, si mahali pa kufuatwa kwa nusu saa. Na dawa ya pamba usiiguse. Bomba la kupulizia libebwe na mwingine, na nguo za aliyepulizia zisifuliwe kwenye beseni moja na nguo za mtoto. Tunamzuia mzazi kucheza kwa kuogopa jasho, kisha tunamwacha apite kwenye mistari iliyopuliziwa asubuhi ile ile. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Ndoo nayo inaweza kupungua uzito bila hotuba yoyote. Mradi mkubwa wa kutoa maji Ziwa Victoria na kuyaleta Simiyu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia fedha mwaka 2017, umezitaja Busega, Bariadi na Itilima katika awamu ya kwanza. Watu husifu miradi ya namna hii kwa kuhesabu mabomba na matangi. Mimi ningehesabu dakika za mzazi: bomba likifika mwendo wa dakika tano badala ya nusu saa, zile 420 zinabaki 70.

Siku moja kabla hatujaondoka tulikwenda wote shambani. Jirani yetu alikuwa anapalilia kipande kinachopakana na cha mama mkwe, na mwanawe mdogo kuliko wangu alikuwa amelazwa kwenye kitenge chini ya mgunga, akilindwa na kaka yake. Jua lilikuwa limeshapanda. Mtoto akaanza kulia. Mama yake akaendelea kulima hadi katikati ya mstari, akasimama, akatazama magugu yaliyobaki, akatazama mti. Kisha akachomeka jembe na kuja kivulini.

Akakaa, akafuta kifua kwa upindo wa khanga, akakamulia chini matone machache. Sikusema kitu. Nilimpa chupa yangu ya maji, akanywa hadi ikaisha, na mtoto akanyonya kwa muda mrefu, upande huu, kisha upande wa pili, hadi mikono ikamlegea.

Nilipoinua macho, jembe lake halikuwa pale alipolichomeka. Mama mkwe alikuwa amelichukua, na alikuwa ameumaliza ule mstari na kuingia wa pili.